Zidisha, Jumlisha: Polinomia Zangu za Houston

Kwanza niwatoe hofu: polinomia haiumi. Nimeishi nayo ofisini Houston tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka nikastaafu, na ubaya mkubwa iliowahi kunitendea ni kuniunguzia wali, maana nilikuwa naifikiria yenyewe huku sufuria iko motoni. Kwa hiyo nyinyi mnaokuja kwangu hapa Katy, kando ya Houston, na kompyuta zenu, mmekunja nyuso kana kwamba mwalimu amewatuma mkakamate nyoka, kunjueni nyuso. Kaeni. Vitumbua hivyo ni vyenu.

Mnaniuliza kila siku kama ni kweli nilifanya kazi kwa lugha ya kompyuta iliyojaa alama, lugha ambayo mstari mmoja unafanya kazi ya ukurasa mzima. Ni kweli. Kiprono, kijana wa Eldoret niliyefanya naye kazi miaka ya mwisho, siku yake ya kwanza alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama kioo cha kompyuta.

"Anti," akasema, "hii code inakaa kama nyayo za kuku."

"Kuku gani?"

"Kuku ameruka kwa wino. Usijali, nita-rewrite yote kwa lugha ya kawaida. Nipe wiki."

Nikamwambia karibu sana, kiti hicho hapo. Wiki ilipita, na nyingine ikapita. Siku moja nikamkuta ameegemea meza yangu anauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka wenzake wajue anakitaka, "Ile alama ya mshazari ilikuwa inafanya nini tena?" Basi nikajua nimempata.

Lakini nimeruka mbele. Mimi ni mzaliwa wa Unguja. Mume wangu Salum ndiye aliyetangulia Texas kuendesha malori, mimi nikamfuata, nikasoma hesabu kidogo na kompyuta kidogo katika madarasa ya jioni, kisha nikaajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikitunza vipimajoto vya maghala ya baridi. Maghala yale yanaweka dawa na vyakula, mengine karibu na bandari ya Houston, mengine juu huko Grand Prairie na Fort Worth.

Sasa mjue jambo hili, watu wengi hawalijui. Kipimajoto cha umeme hakijui joto. Kinachotoa ni umeme kidogo, kidogo mno, na mtu lazima aufasiri umeme ule uwe nyuzi za joto. Uhusiano wa umeme na joto haukunyooka kama rula, umepinda. Na njia nyepesi ya kueleza kilichopinda ni polinomia: unachukua namba ya kuanzia, unaongeza usomaji uliozidishwa kwa namba yake, unaongeza usomaji kipeo cha pili uliozidishwa kwa namba yake, kipeo cha tatu vivyo hivyo, mpaka mpindo uwe umekaa sawa. Kila kipimajoto kina namba zake, kama kila mguu ulivyo na kiatu chake. Na vipimajoto vyetu vilikuwa vingi, na kila kimoja kilituma usomaji kila dakika. Ndiyo maana tulitumia lugha inayoshika safu nzima ya namba kwa mkono mmoja. Huiambii chukua hii, halafu ile, halafu ile nyingine. Unaiambia chukueni nyote.

Aliyenifundisha ni Leland, mzee wa Kiteksasi mwenye buti za ngozi na sauti ya mtu anayezungumza na farasi aliye upande wa pili wa malisho. Yeye ndiye aliyeandika mfumo ule mwanzoni. Siku ya kwanza akanionyesha mstari mmoja, akaniambia niuangalie tu, nisihangaike kuuelewa. Nikautazama, nikaanza kuusoma polepole kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto.

Leland akaweka kikombe chake cha kahawa chini. "Zu," akasema, maana jina langu lilimshinda kulimaliza, "nani amekwambia inasomwa kutoka huko?"

"Inasomwa kutoka kulia?"

"Ndiyo! Watu wote ninaowafundisha wanaanzia kushoto, wanapotea mwezi mzima. Umejifunza wapi?"

"Chuo cha Kurani, Unguja. Kwa bakora."

Alicheka mpaka akashika meza. Lakini ilikuwa kweli. Lugha ile inakokotoa kutoka kulia, na haina habari ya kuzidisha kwanza halafu kujumlisha. Ukiandika mbili mara tatu jumlisha nne, shuleni jibu ni kumi. Kule ni kumi na nne, kwa sababu inaanza na tatu na nne, kisha inazidisha. Wageni wote waliaibishwa na mstari ule. Mimi mkono wangu ulikuwa umezoea kuanzia kulia tangu utotoni, nikaona nimefika kwa jamaa.

Na hapo ndipo penye utamu wenyewe. Mkitaka kukokotoa polinomia, mtoto wa shule atapandisha vipeo vyote kwanza. Usomaji mara usomaji, halafu mara usomaji tena, kila kipeo peke yake, kisha ajumlishe. Kazi nyingi, na namba zinavimba bure. Leland akanionyesha njia ya wazee wa hesabu. Anza na namba ya kipeo cha juu kabisa. Izidishe kwa usomaji, jumlisha namba inayofuata chini yake. Ulichopata, kizidishe tena kwa usomaji, jumlisha inayofuata. Zidisha, jumlisha. Zidisha, jumlisha. Ukifika namba ya kuanzia umemaliza, na hukupandisha kipeo hata kimoja.

Sasa andika hivyo katika lugha inayokwenda kutoka kulia kwenda kushoto: namba ya kuanzia, jumlisha, usomaji, mara, namba ya pili, jumlisha, usomaji, mara, namba ya tatu. Hakuna mabano hata moja. Kompyuta inaanzia kulia, kwenye kipeo cha juu, inazidisha, inajumlisha, inakuja nyumbani. Lugha yenyewe ndiyo njia ya wazee! Siku nilipoliona jambo lile nilisimama kitini. Leland alikuwa anatafuna mkate, akaniambia mdomo umejaa, "Nilikuwa nangojea uone mwenyewe. Ningekwambia, nisingekuona ukisimama."

Alikuwa mwalimu wa namna hiyo. Alinichomea nyama ya ng'ombe ya Kiteksasi kwa moshi kutwa nzima, na kabla ya hapo alizunguka mji akitafuta bucha ya halali bila kuniambia. Alipoiweka mezani akasema, "Nimeuliza. Wamesema Bismillah. Kula."

Aliniachia mambo mawili ya kupima, na mimi nawaachia nyinyi. La kwanza, kila ukipewa namba za polinomia, uliza kichwa kiko upande gani. Watengenezaji wengine wanaanza na namba ya kuanzia, wengine wanaanza na kipeo cha juu. Ukigeuza, chumba cha barafu kitasomeka kama tanuri la mkate. Basi weka sifuri mahali pa usomaji: lazima upate namba ya kuanzia, si nyingine. Kisha weka moja: lazima upate jumla ya namba zote. Kufumba na kufumbua umemaliza, na umejiokoa na fedheha.

La pili, jua unataka kila mmoja na wake, au kila mmoja na wote. Hapa Leland alinisimulia kisa chake mwenyewe, anafuta machozi ya kicheko. Enzi za ujana wake aliweka safu ya polinomia upande mmoja na safu ya usomaji upande wa pili, akitaka kila kipimajoto kikutane na usomaji wake. Lakini aliandika alama ya kukutanisha kila mmoja na wote. Polinomia ya kipimajoto cha samaki ikafasiri usomaji wa kipimajoto cha dawa, na cha aiskrimu, na cha kila ghala lililokuwepo. Kisha akaagiza mashine ichapishe, akaenda kula. Aliporudi, karatasi ilikuwa imetoka mlangoni inamlaki. "Ni kama kwenye harusi," nikamwambia. "Ulitaka kila bwana harusi akae na bibi harusi wake, wewe ukaamuru wote wapeane mikono." Akaichukua mithali ile ikawa yake. Nilimsikia akiwafundishia wengine kana kwamba harusi za Unguja amezichezea ngoma.

Leland alistaafu, akahamia kwenye shamba dogo nje ya Fort Worth. Kiprono akaja, na nyayo za kuku zake. Halafu ikaja ile baridi.

Nyinyi mnaikumbuka kwa kukosa shule. Barafu ilishuka Texas nzima, barabara zikawa vioo, umeme ukawa unakwenda na kurudi kama mgeni asiye na adabu. Asubuhi ile hapa Katy nyumba ilikuwa giza na baridi. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari, nje uani, injini inanguruma ili nichaji kompyuta na simu, koti juu ya koti na kanga juu ya makoti. Salum ananiletea chai kwa chupa. Simu ikalia. Alikuwa Papa Kasongo.

Papa Kasongo ni mtu wa Lubumbashi, Kiswahili chake kina Kifaransa ndani, na "lakini" yake ni mais. Alikuwa msimamizi wa zamu katika ghala la dawa kule Grand Prairie. Tulikuwa tumezungumza kwa simu miaka mingi bila kuonana uso kwa uso. Asubuhi ile mwenzake wa kumpokea alikuwa amekwama barabarani, akabaki yeye kulinda ghala.

"Mama Zuhura," akasema, na meno yake niliyasikia yakigongana, "hapa kuko baridi mpaka kwenye mifupa. Mais hii kioo ya kompyuta inasema chumba ya insulini iko na moto. Inasema ishirini na sita!"

"Jenereta linafanya kazi?"

"Jenereta iko bien. Na mashine ya kupoza iko inakimbia sana, maana inaona moto. Inatia baridi tena, na tena. Mimi niliingia mule na kipimo ya kioo, ile ya zamani. Inasema tatu. Sasa inashuka, inakaribia mbili."

Wanangu, nieleze. Insulini huwekwa kati ya nyuzi mbili na nane. Ikipata joto, inaharibika polepole. Lakini ikiganda, imekufa hapo hapo, na hata ukiiyeyusha haifufuki. Chumba kile kilikuwa kimejaa shehena ya hospitali na maduka ya dawa ya upande ule wote wa Dallas, na barabara zimefungwa, hakuna lori litakaloleta nyingine karibuni. Mfumo wangu mimi ndio uliokuwa unaiamuru mashine ipoze, ipoze, ipoze.

"Izime basi ile mashine ya kupoza, Papa Kasongo."

"Siwezi bila ruhusa ya Houston. Na kama kioo ya kompyuta iko na haki, na mimi niko na kosa? Mama, bibi yangu Béatrice, mama ya watoto wangu, anajidunga hii dawa kila siku. Sitaki kuicheza."

Nikawaita kwenye simu moja meneja wetu Carla, aliyekuwa amefungiwa na barafu nyumbani kwake, na Kiprono, aliyekuwa chini ya blanketi katika fleti yake Houston. Carla alisema neno la haki kabisa. Tuna vipimo viwili vinavyogombana. Kanuni inatuambia tuamini ule mfumo uliokaguliwa, tusiamini kipimo cha kioo ambacho hakuna anayejua kilinunuliwa lini. Tukizima na chumba kweli kina joto, tumeiharibu shehena kwa mikono yetu. "Nionyesheni mfumo umekosea wapi," akasema, "nami nitatoa ruhusa sasa hivi. Lakini mnionyeshe."

Jambo la kwanza nikafikiri ni kichwa na mkia, kwamba kuna mtu amegeuza namba. Nikaweka sifuri, ikatoka namba ya kuanzia. Nikaweka moja, ikatoka jumla. Polinomia ilikuwa nzima. Nikatazama kama kila mmoja yuko na wake. Yuko na wake.

Kiprono ndiye aliyeona. "Anti, cheki. Vyumba vya katikati ya ghala viko sawa. Ni hivi tu vya ukuta wa nje vimeshikwa na wazimu. Vyote viko upande wa mlango wa malori."

Nikajipiga paji la uso. Kila kipimajoto kina sehemu mbili, kichwa ndani ya chumba na kisanduku ukutani kwa nje. Kisanduku nacho kina joto lake, na joto lake linachafua ule umeme mdogo, kwa hiyo kuna polinomia ya pili ya kusahihisha. Visanduku vya upande ule vilikuwa kwenye ukuta wa mlango wa malori, mahali pasipo na joto, na dhoruba ilikuwa inavipiga.

"Papa Kasongo, kisanduku pale ukutani kina baridi gani?"

Tukasikia hatua zake, na mlango wa chuma. "Mama, kiko na barafu juu. Kidole inashikamana!"

Usomaji wa kisanduku ulisema nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Nikampigia Leland. Mzee alipokea amechangamka, ana jiko la kuni, anatuonea huruma sisi wa umeme.

"Leland, polinomia ya visanduku uliichora kwa vipimo gani?"

"Kutoka barafu inayoyeyuka mpaka kiangazi cha bandarini."

"Na chini ya sifuri?"

"Chini ya sifuri sikupima hata nukta moja. Nani angefikiri kisanduku kitaganda ndani ya ghala, Texas?" Nikasikia kuni zikilia jikoni kwake. "Haya," akasema, "sasa nimefikiri. Ichore, Zu. Ichore yote."

Nikatengeneza safu ya joto, kuanzia ishirini chini ya sifuri hadi hamsini juu, moja moja. Nikaipa polinomia safu yote kwa mkupuo. Mstari mmoja mfupi, ungetosha kuandikwa kiganjani. Namba zikashuka kwenye kioo, nikawatumia wote waone. Kutoka sifuri hadi kiangazi, sahihisho lilikuwa dogo na tulivu, barabara ya Texas hasa, tambarare mpaka unasinzia. Lakini chini ya sifuri lilianza kupanda. Kidogo, kisha zaidi, kisha likaruka kama mbuzi aliyekanyaga moto. Kwenye kumi na mbili chini ya sifuri lilikuwa linaongeza nyuzi ishirini na tatu.

"Ishirini na tatu," Kiprono akasema, "jumlisha tatu ya kipimo cha Papa Kasongo."

"Ishirini na sita," akasema Carla. Hakungoja hata pumzi. "Zima mashine. Ruhusa nimetoa mimi, muda huu."

Tukasikia Papa Kasongo akikimbia. Tukasikia swichi. Mashine ya kupoza huwa ina mvumo, na mvumo ulikuwa umekufa. Salum alikuwa amesimama dirishani mwa gari na chupa ya chai, hajui nini kinaendelea, lakini anaona uso wangu.

"Papa Kasongo?"

"Niko mbele ya kipimo ya kioo. Iko mbili. Chini kidogo ya mbili." Tukangoja. "Bado mbili." Tukangoja tena. "Mama. Imesimama." Kisha sauti yake ikabadilika. "Inapanda! Kidogo, mais inapanda. Mungu ni mwema!"

Kiprono alipiga kelele chini ya blanketi lake mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, kanga imeloa. Salum akafungua mlango wa gari akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia hapana, hakuna aliyekufa, nipe chai.

Papa Kasongo alikaa akiiendesha mashine ile kwa mkono, anawasha, anazima, jicho kwenye kipimo cha kioo, mpaka barafu ilipoachia na mwenzake akafika. Shehena ilikaguliwa ikaonekana salama, ikaenda ilikokuwa ikienda.

Sasa msidhani kazi ilikwisha hapo. Kazi ya kweli ilikuja baada ya jua kurudi. Somo nililolipata ni hili: polinomia ni mtu mzungumzaji. Ukimuuliza jambo analolijua, atakujibu vizuri. Ukimuuliza asilolijua, atakujibu vilevile, kwa sauti ileile, bila haya. Hatasita. Kwa hiyo ni juu yako kujua alizaliwa wapi na mipaka yake ni ipi.

Mimi na Kiprono tukaweka safu mbili mpya, moja ya mpaka wa chini, moja ya mpaka wa juu, kila kipimajoto na yake. Kabla ya kukokotoa lolote, usomaji wote unalinganishwa na mipaka kwa mara moja, unapata safu ya moja na sifuri, moja kwa aliye ndani, sifuri kwa aliyevuka. Kiprono akaandika na ile njia yake ndefu ya kawaida pembeni, na kila asubuhi tulilinganisha njia zote mbili, zikipatana tunakunywa chai. Na wenye sifuri je? Nilisema wasipewe namba yoyote, mashine ya kupoza ibaki ilivyokuwa, na kioo kiseme kwamba hakijui.

Carla akakataa. "Mteja akisoma kwenye kioo kwamba mfumo wetu haujui, atatuhama."

"Afadhali asome hivyo kuliko asome ishirini na sita."

"Nakubali. Lakini usiandike maneno hayo. Weka herufi za kificho, tutawaeleza kwenye mafunzo kwamba ukiziona unakwenda kuangalia mwenyewe."

"Herufi zozote?"

"Zozote. Fupi tu."

Nikaandika herufi tano: SIJUI. Carla, ambaye Kiswahili hakijui, akaitazama, akaandika kwenye daftari lake, akasema ni nzuri, inasomeka. Kiprono alipaliwa na chai, ikabidi atoke nje.

Kiangazi kilichofuata, ghala moja la Fort Worth, kioo kikatoa SIJUI. Mfanyakazi akanyanyuka, akaenda, akakuta feni ya kisanduku imekufa na ukuta unachoma kama kikaango. Zamani mfumo ungempa namba nzuri ya uongo, naye angebaki amekaa. Habari ikaenea. Tukaanza kusikia Wateksasi kwenye simu wakisema, "Tuna sijui mbili upande wa kaskazini." Sasa nani atawarekebisha?

Nilipostaafu, kampuni iliniandalia chakula kule Grand Prairie, ndani ya ghala lenyewe. Ndipo nilipoonana na Papa Kasongo uso kwa uso. Nilikuwa nimemfikiria mtu mrefu, kumbe ananifika begani. Alikuja na Mama Béatrice, amevaa kitenge cha manjano, amebeba sombe, kisamvu cha kwao, sufuria nzima. Mama Béatrice akaitua sufuria, akanishika mikono yote miwili.

Baadaye mhandisi kijana aliyeitwa Maribel, aliyeajiriwa karibuni, alijitolea kututembeza sisi wageni. Hakujua mimi ni nani. Akatusimamisha mbele ya kioo kikubwa, akaeleza vizuri sana, akafika kwenye zile herufi tano.

"Hii wengi hawajui inatoka wapi," akasema. "SI ni ule mfumo wa vipimo wa kimataifa. Na Jui ni jina la mwanasayansi aliyegundua mipaka ya polinomia. Daktari Jui."

Papa Kasongo akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mama Béatrice akamfinya.

Mimi nikajikaza, nikamuuliza yule binti, "Na wewe ukiiona hiyo kwenye kioo, unafanya nini?"

"Siamini namba yoyote iliyo karibu nayo," akasema, bila kusita. "Nachukua kipimo cha mkononi, nanyanyuka, naenda kuangalia kwa macho yangu. Hata kama ni saa ya chakula."

Nikampa mkono. "Binti yangu," nikamwambia, "Daktari Jui angefurahi sana kukufahamu."